KUKATA FOTO BILA KUKATA MTU



Tangu namba iliyopita, wengi wametuletea ulizo moja: namna gani kumtoa mtu katika foto yake na kumweka pahali pengine, bila nywele zake kuharibika? Wadogo wetu wa madarasa ya chini wanaona kazi hii kama mchezo. Unagusa kioo cha telefone mara moja, ukuta unaondoka, mtu anabaki. Sisi pia tuliwaza vile. Leo tunaandika somo hili juu tulikosa, na kosa letu lilimwumiza mama mmoja. Hatupendi murudilie kosa lile.

Karatasi yetu hii haiwezi kuonyesha foto vizuri, wote munajua wino wetu. Kwa hiyo tutaeleza kwa maneno na kwa hesabu kidogo. Mwenye kalamu aikamate.

1. KOSA LETU

Mwaka huu sisi wafinalisti tuliamua kutengeneza karatasi ya ukumbusho. Kila mmoja awe na sura yake ndani ya duara, na nyuma yake rangi moja tu ya kijivu. Tulikuwa 34. Watu 33 walipigwa foto siku moja, mbele ya ukuta wa nyumba ya vitabu. Wa 34 ni dada yetu aliyetuacha katika trimestre ya pili, kwa sababu ya malaria. Ninyi wote mulimjua, mulisimama pamoja nasi siku ya maziko.

Foto yake nzuri ilikuwa moja tu. Yaya yake alimpiga nyumbani kwao wakati wa likizo. Amesimama mbele ya nyumba na blauzi nyeupe. Kushoto kuna ukuta wa buluu, kuume kuna majani ya mti wa avoka. Siku ile hakusuka nywele. Aliziacha wazi, na zimesimama kuzunguka kichwa kama wingu.

Tulikuwa na haraka, maana Mtihani wa Serikali ulikuwa unakaribia. Mmoja wetu alitia foto ndani ya programu ya telefone, na katika sekunde mbili kazi ikaisha. Kichwa kilitoka laini kabisa, kama mtu aliyevaa kofia ya pikipiki. Sikio la kuume lilienda pamoja na majani. Tuliona, lakini tukasema: "Inatosha. Foto itakuwa ndogo, nani ataangalia?"

Mama yake ndiye aliangalia. Alipokuja kutafuta madaftari ya mtoto wake, tulimwonyesha karatasi ya majaribio, tukifikiri atafurahi. Aliikamata muda mrefu. Kisha akasema pole pole: "Huyu hapana mutoto wangu. Mutoto wangu alikuwa na nywele." Akaturudishia karatasi kwa mikono miwili, akaaga, akaenda.

Hatukuwa na neno la kujibu. Jioni ile tulianza kujifunza kazi ambayo tulidhani tunaijua.

2. UKINGO HAPANA MSTARI

Kosa la kwanza la mtu anayekata foto ni kufikiri kwamba kati ya mtu na ukuta kuna mstari, na kazi yake ni kuufuata. Kwa kitabu au kwa ndoo, ni kweli kidogo. Kwa nywele, si kweli hata kidogo.

Tufanye hesabu. Foto ya ordinatere imejengwa na vipande vidogo vya mraba vinavyoitwa pikseli. Kila pikseli ina rangi moja tu, haiwezi kuwa na mbili. Tuseme kichwa chenye nywele kina upana wa sentimetre 20, na katika foto kimekamata pikseli 400. Basi pikseli moja inafunika nusu milimetre. Unywele wa mtu una unene kama milimetre 0,08. Gawanya: 0,08 kwa 0,5 ni 0,16. Maana yake, unywele mmoja haujazi hata sehemu moja ya tano ya pikseli yake. Sehemu inayobaki ni ukuta.

Sasa pikseli ile ni ya nani? Ni ya dada yetu, ao ni ya ukuta? Ni ya wote wawili. Kamera ilichanganya rangi zao, kama vile unavyochanganya maziwa na chai. Na chai ikiisha kuchanganywa, huwezi kuikata kwa makasi. Ukisema pikseli yote ni ya mtu, unamwachia ukuta wa buluu kichwani. Ukisema yote ni ya ukuta, unamnyoa. Programu ya telefone ilichagua kumnyoa.

Wenye elimu ya kazi hii wanaandika mchanganyiko ule namna hii:

rangi inayoonekana = a × rangi ya mtu + (1 − a) × rangi ya nyuma

Herufi a inaitwa alfa. Ni kiasi cha kufunika. Alfa ikiwa 1, mtu amefunika pikseli yote. Ikiwa 0, hayupo. Ikiwa 0,16, amefunika kidogo tu, kama unywele wetu.

Tuchukue rangi ya buluu peke yake, inayohesabiwa toka 0 (giza) hadi 255 (mwanga wote). Katika foto ya dada yetu, nywele zilikuwa karibu na 30, ukuta karibu na 200. Unywele mmoja unatoa: 0,16 × 30 + 0,84 × 200 = 4,8 + 168 = 172,8. Tuseme 173. Mumeona? Unywele mzima umeteremsha ukuta toka 200 hadi 173 tu. Jicho linauona kama kivuli chepesi. Mwenye haraka hauoni, anaufuta.

Kukata vizuri, basi, ni kumpa kila pikseli alfa yake ya haki. Kuna ugumu moja. Pikseli moja inatupatia namba tatu: nyekundu, kijani na buluu. Lakini tunatafuta namba saba: tatu za rangi ya mtu, tatu za rangi ya nyuma, na alfa. Mwalimu wetu wa hesabu ametufundisha kwamba ekwasio tatu haziwezi kutoa majibu saba yaliyo hakika. Ndiyo sababu programu yoyote, hata ya bei kubwa, inabahatisha. Inaweza kubahatisha vizuri ao vibaya. Anayejua sura ya mtu anapaswa kukaa karibu na kuisaidia.

3. WALIOTUTANGULIA

Musifikiri kazi hii ilizaliwa pamoja na telefone. Mwaka 1857, Oscar Rejlander, mpiga foto aliyefanya kazi Uingereza, alitengeneza foto moja kubwa kwa kuunganisha negativu zaidi ya 30, watu wengi wakionekana kama wako katika nyumba moja. Hakuwa na ordinatere, alifunika na kufunua sehemu za karatasi katika chumba cha giza.

Watu wa sinema nao walitafuta njia yao. Katika filamu ya The Thief of Bagdad, iliyotoka mwaka 1940, Larry Butler alitumia kitambaa cha buluu nyuma ya wachezaji. Sababu ni rahisi: ngozi ya mwanadamu, iwe nyeusi ao nyeupe, ina wekundu mwingi kuliko buluu. Nyuma ikiwa buluu, ni rahisi kuitenga na mtu. Siku hizi wengi wanatumia kijani, maana katika kamera nyingi za leo macho madogo yanayopokea kijani ni mara mbili ya yale ya buluu, na mara mbili ya yale ya nyekundu.

Alfa yenyewe ilipata jina lake Marekani kwenye mwaka 1977 na 1978, kwa mikono ya Alvy Ray Smith na Ed Catmull. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wakaandika kanuni za kupandisha foto moja juu ya ingine kwa kutumia alfa ile. Kanuni zao zinatumiwa hadi leo, pamoja na ndani ya telefone iliyo mfukoni mwako.

4. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Sisi tulitumia GIMP, programu isiyolipishwa, ambayo Spencer Kimball na Peter Mattis waliianza mwaka 1995 wakiwa wangali wanafunzi. Wenye programu ingine watakuta vyombo vinavyofanana.

Kwanza, tafuta foto ya asili. Hapa wengi wanapotea. Foto iliyopitishwa kwa WhatsApp kama foto imekwisha kukamuliwa, na nywele ndizo zinazokufa kwanza. Mwombe mwenye foto aitume kama dokima, ao nenda kwake na kadi ya kumbukumbu. Sisi tulienda kwa yaya yake. Foto tuliyokuwa nayo ilikuwa na upana wa pikseli 720 tu; ile ya asili ilikuwa na zaidi ya 3000. Nusu ya kosa letu ilianzia pale. Kisha fanya kopi, na usiguse asili tena.

Pili, gawanya ukingo. Zunguka mtu kwa macho tu, bila kugusa kitu, na uandike katika daftari: hapa ukingo ni mgumu (bega, kola, mkono); hapa ni laini (shavu lisiloonekana vizuri); hapa ni nywele. Kila aina ina chombo chake. Mwenye kutumia chombo kimoja kwa yote ni sawa na mpishi anayekata nyama na mkate na panga moja.

Tatu, ukingo mgumu. Tumia chombo cha njia. Unaweka nukta moja moja, na kati ya nukta mstari unapindika kadiri unavyovuta mikono yake. Mistari hii inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, aliyeitumia Ufaransa katika kiwanda cha Renault kwa kuchora miili ya motokari. Weka nukta chache. Mwenye kuweka nyingi anapata bega linalotetemeka. Pitisha mstari pikseli moja ndani ya mtu, si nje, kusudi usichukue ukuta. Blauzi ya dada yetu tuliikata namna hii, na bega moja lilitaka nukta sita tu.

Nne, nywele. Hapa usichore kitu. Acha foto ijikate yenyewe. Fungua orodha ya kanali, ndizo zile rangi tatu, na utazame moja moja. Kila moja inaonekana kama foto nyeusi na nyeupe. Tafuta ile ambayo ndani yake nywele na ukuta vinaachana zaidi. Kwetu ilikuwa buluu: ukuta wa buluu unang'aa, nywele ni giza, na uso nao ni giza. Lakini angalisho: blauzi nyeupe nayo inang'aa katika kanali ya buluu, inapotea ndani ya ukuta. Ndiyo sababu tuliikata kwa njia, mbali na nywele.

Fanya kopi ya kanali ile. Kisha fungua chombo cha nivo, chenye vijiti viwili: kimoja kinasema wapi giza linaanza, kingine wapi mwanga unaanza. Sisi tuliweka 40 kwa giza na 195 kwa mwanga. Nywele nene zikawa nyeusi tii, ukuta ukawa mweupe, na zile nywele moja moja zikabaki za kijivu. Zile za kijivu ndizo mali yako! Mukumbuke unywele wetu wa 173. Mtu akivuta kijiti cha mwanga hadi 170 kusudi ukuta uwe safi haraka, unywele ule unakuwa mweupe pamoja na ukuta, umekwenda. Ni afadhali ukuta ubaki na uchafu kidogo, utaufuta kwa burashi mbali na kichwa.

Ndani ya uso kutabaki madoa meupe: meno, jicho, mwanga wa paji. Yapake nyeusi kwa mkono. Kisha geuza yote, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi.

Tano, maski. Usifute ukuta! Mwenye kufuta hawezi kurudi nyuma kesho. Tia kile ulichotengeneza kama maski juu ya kalki ya foto. Kalki ni kama zile karatasi za kufuatishia ambazo mwalimu wa jeografia anatupatia kwa ramani, moja juu ya ingine. Maski inasema nini kionekane: nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha, kijivu inaonyesha nusu. Foto yote inabaki chini, nzima. Ukikosea, unapaka upya.

Sita, jaribu juu ya rangi tatu. Tia chini yake kalki nyeupe, kisha nyeusi, kisha nyekundu. Juu ya nyeupe utaona mabaki ya giza. Juu ya nyeusi utaona mabaki ya ukuta, yanazunguka kichwa kama taji. Sisi tulikuwa tumejaribu juu ya kijivu tu, na kijivu kinaficha makosa yote.

Saba, toa rangi ya ukuta ndani ya nywele. Hata alfa ikiwa ya haki, pikseli ya ukingo ingali na buluu ndani yake, maana kamera ilikwisha kuchanganya. Tandika kalki mpya juu, uiweke katika namna ya rangi peke yake, chukua rangi ya nywele karibu na pale, na upake ukingo kwa burashi laini. Mwanga hautabadilika, rangi tu.

Nane, chunga kazi yako. Ilinde katika faili ya programu yenyewe, pamoja na kalki zote. Faili ya kuchapisha iwe PNG, maana JPEG haijui alfa: itakujazia nyuma yote kwa rangi moja, nawe utalia.

Kazi hii ilitukamata jioni nne, kwa sababu ya umeme unaokatika na kwa sababu ya mikono yetu ambayo haikuzoea. Mwenye kuzoea ataimaliza kwa saa moja.

5. AFADHALI KUPIGA FOTO VIZURI

Kazi kubwa inaepukwa kabla ya kupiga. Mweke mtu mbali na ukuta, hatua mbili ao tatu, kusudi kivuli chake kisianguke pale na rangi ya ukuta isirudi juu ya shavu. Tafuta ukuta wa rangi moja isiyofanana na nguo. Nywele nyeusi zinapenda ukuta wa mwanga; mzee mwenye mvi anapenda ukuta wa giza. Usipige mbele ya majani. Tena usimwambie dada afunge nywele zake ili kazi yako iwe nyepesi. Wewe ndiye unafanya kazi, si yeye.

Kwa telefone: hatusemi musitumie programu ya haraka. Kwa uso wenye nywele fupi mbele ya ukuta safi, inafanya vizuri. Katika foto zetu 33, karibu zote za wavulana zilitoka bila shida. Za wasichana wenye nywele wazi ao rasta nyembamba, ilibidi tuzirudilie. Musikubali kazi bila kuipanua mara nne na kuzunguka ukingo wote kwa macho.

6. UPANDE WA MAJANI

Tumeeleza upande wa kushoto, wa ukuta. Upande wa kuume ulitushinda. Katika kanali ya buluu, majani ni giza kama nywele. Katika kijani yanaachana kidogo, lakini kati ya majani kuna vivuli na mashimo, na nywele zinapita ndani yao. Hakuna kanali iliyotusaidia.

Hapo mmoja wetu mwenye mkono mzuri alichukua burashi nyembamba sana, akachora nywele moja moja, akifuata mfano wa upande wa kushoto. Zilitoka nzuri, hata sisi tulidanganyika. Lakini mwalimu wetu wa kuchora alipotazama, aliuliza: "Nywele hizi za upande huu, ni zake?" Tukajibu, hapana, ni zetu. Akasema: "Basi mumwambie mama yake." Hakuongeza neno.

Wakati ule ule kulikuwa shauri lingine katika darasa. Wengine walitaka tumkate na kumsimamisha kati yetu katika foto ya darasa zima, ile ya mwezi wa sita, kama vile alikuwepo. Walisema ni kwa upendo, na ni kweli walimpenda. Wengine walikataa. Tulibishana hadi kengele ya usiku.

Mwalimu wetu wa historia alitupatia mfano mmoja. Katika Urusi ya Stalin kulikuwa mkubwa wa polisi, Nikolai Yezhov. Alipigwa foto akitembea pamoja na Stalin kando ya mfereji wa Moscow. Kisha akaanguka, akauawa mwaka 1940. Foto ilitoka tena, na pahali pake palikuwa maji tu. Waliomfuta walikuwa mafundi hodari wa kukata. Mwalimu akauliza: "Kumtoa mtu aliyekuwepo, na kumtia mtu asiyekuwepo, vinaachana wapi?" Tulijibu kwamba nia si moja. Akakubali. Kisha akauliza tena: "Miaka makumi tatu mbele, atakayeona foto hii ataiona nia yenu?"

Tulinyamaza. Mtu akitazama foto, anaamini kwamba watu wale walisimama pamoja chini ya jua moja. Sisi hatukuwa naye mwezi wa sita. Hilo ndilo lilituumiza, na foto isiyomwonyesha inasema ukweli wa maumivu yetu.

Basi tulienda kwa mama yake, wanne wetu. Tulimwomba radhi kwa ajili ya kazi ya kwanza. Tulimwonyesha ya pili, tukamwambia wazi: mama, nywele za upande huu ni zake, za upande ule tumezichora. Alileta karatasi karibu na macho. Upande wa kushoto alipitisha kidole pole pole, kama mtu anayetafuta mwanzo wa kusuka. Kisha akauliza: "Juu ya nini munaondosha ule muti? Alikuwa anasomea pale chini kila siku."

Hatukuwa tumefikiri hivyo hata mara moja. Tulishindana na majani jioni mbili, na hayakuwa adui.

Kwa sababu tulikuwa na maski, hatukupoteza kitu. Tulipaka nyeupe upande wa kuume, na majani yakarudi. Sikio likarudi. Nywele zetu za kuchora tulizifuta. Katika karatasi ya ukumbusho mutaona duara 33 zenye kijivu nyuma. Ya 34 ina kijivu upande moja, na upande wa pili tawi la avoka. Chini yake tumeandika kwamba foto hii ilipigwa nyumbani kwao, wakati wa likizo, na yaya yake. Katika foto ya darasa zima hatukumtia. Tuliacha pahali padogo katika mstari wa pili, pale aliposimama kila asubuhi kwa bendera.

Mama yake amechukua karatasi tatu.

7. MAULIZO YA KUJIPIMA

a) Katika kanali moja, ukuta ni 220, nywele ni 20, na pikseli ya ukingo inaonyesha 170. Tafuta alfa.

b) Rafiki yako ana shati la buluu na amesimama mbele ya ukuta wa buluu. Nywele zake ni nyeusi. Sehemu gani utakata kwa kanali, sehemu gani kwa njia, na kwa sababu gani?

c) Kwa nini tunajaribu juu ya rangi tatu, na si juu ya moja?

d) Jirani anakuomba umtie katika foto ya arusi ambayo hakufika. Utamjibu nini? Ulizo hili halina hesabu. Mujadiliane darasani, na mutuletee majibu yenu kwa kurasa moja.

Majibu ya a, b na c yatatokea katika namba ijayo. Ordinatere ya kundi la gazeti iko wazi siku ya tano baada ya masomo. Mwenye kutaka kujifunza aje na foto yake ya asili. Sisi wafinalisti tunakaribia kuondoka, na tungependa wadogo wawili ao watatu washike kazi hii mikononi mbele hatujaenda. Tunatafuta wale wenye uvumilivu. Wenye haraka tulikuwa sisi, na mumesikia ilituleta wapi.

Mubaki salama.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la kundi la gazeti